Mizani Nane Ndani ya Kamiti

Karatasi ya chooni haivumilii kufutwafutwa. Ukiikandamiza kalamu inachanika, na jasho la kiganja likiigusa wino unatawanyika. Anayeamua kuandika juu yake hana nafasi ya kuujaribu mstari, kuukata, halafu kuujaribu tena. Mstari uwe umekwisha kutungwa na kupimwa kichwani kabla mkono haujanyanyuka.

Juu ya karatasi za namna hiyo Abdilatif Abdalla aliandika sehemu kubwa ya mashairi aliyoyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972. Yakatolewa nje kwa siri, na mwaka 1973 Oxford University Press ikayachapisha kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ushujaa wa jambo hilo umesimuliwa sana, na ni haki yake. Lakini kila ninaporudi kwenye diwani ile, kinachonishika ni kazi ya mkono. Wafungwa mashujaa Afrika imekuwa nao wengi. Waliotoka na beti zisizopungua mizani moja ni wa kuhesabu.

Mkasa wenyewe, kwa ufupi. Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Jaramogi Oginga Odinga alipojitoa chama tawala cha KANU mwaka 1966 na kuunda Kenya People's Union (KPU), kijana huyu aliingia katika chama hicho kipya. Miaka miwili baadaye ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa. Karatasi za wagombea wa KPU zikakataliwa karibu kila mahali kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa, na watu wa KANU wakapita bila kupingwa. Novemba 1968 ukasambazwa waraka wenye kichwa Kenya: Twendapi? Aliyeuandika alikuwa Abdilatif, wa miaka 22. Desemba akakamatwa. Machi 1969 alikwisha kutiwa hatiani kwa kosa la uchochezi, akafungwa miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake, katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa. Oktoba ya mwaka huohuo, yeye akiwa ndani, KPU yenyewe ikapigwa marufuku.

Waraka ule ulikuwa wa nathari, na nathari yake ilisema waziwazi. Mwendesha mashtaka hakuwa na kazi ya kufumbua chochote: maneno yalikuwa pale, na maana yake ilikuwa juujuu kabisa. Mtu huyohuyo akalichukua jambo lilelile, akalisema upya kwa mashairi, na safari hii likatoka ndani ya kuta za gereza, likapigwa chapa na kuuzwa madukani. Halafu mwaka 1974 diwani ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Watu huisimulia habari hiyo kwa kicheko. Mimi naiona ni ushahidi wa ufundi: kile kilichoshindikana kwa sentensi za kawaida kiliwezekana kwa vina.

Ufundi huo hakuuokota Kamiti. Alilelewa na babu yake mdogo, Ahmad Basheikh bin Hussein, mshairi, na masomo ya utotoni aliyapata Faza katika kisiwa cha Pate na Takaungu. Nduguye, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mwenye Malenga wa Mvita, diwani iliyokusanywa na Shihabuddin Chiraghdin na kutolewa mwaka 1971. Nyingi kati ya tungo za Ahmad Nassir ziliimbwa na mwimbaji Juma Bhalo, zikafika hadi kwa watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha mashairi maishani mwao. Ndugu mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa katika siasa za Pwani wakati wa kuelekea uhuru. Katika nyumba ya namna hiyo siasa na ushairi hutandikiwa mkeka mmoja. Na huo mwaka 1971, mwana wao akiwa bado kifungoni, ukatoka pia Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, kazi yake. Anayetunga utenzi mzima lazima aizoee nidhamu ya kina cha mwisho kinachoshikwa tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kuachiwa. Kwa hiyo alipofungiwa mlango, mkono ulikwisha kuzoea mzigo.

Nyuma yao wote amesimama Muyaka bin Haji, wa Mombasa ileile. Katika miaka ambayo Mazrui, watawala wa Mombasa, walikuwa wakivutana na Seyyid Said wa Omani, Muyaka alikuwa upande wa mji wake, na silaha yake ilikuwa shairi la kujibizana, la kuchokoza, la fumbo. Alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa, mpaka mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua alipoyakusanya pamoja na mmishonari W. E. Taylor yakaandikwa. Tujiulize yalidumuje muda wote huo bila karatasi. Jibu lake ndilo linaloeleza pia namna mtu anavyoweza kutunga diwani katika chumba kisicho na daftari.

Nitautunga mshororo mmoja hapa, wa kupimia tu, usihesabiwe kuwa ni ushairi: Ndege akiwa tunduni, haachi kupiga mbawa. Ipime: nde-ge-a-ki-wa-tu-ndu-ni, mizani nane. Ha-a-chi-ku-pi-ga-mba-wa, nane nyingine. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -wa. Sasa tuseme siku tatu zimepita, hukuandika popote, na unaukumbuka hivi: Ndege akiwa kifungoni. Maana haikuharibika, kina bado kipo, huenda hata neno lenyewe ni zito zaidi. Lakini hesabu upya, zimekuwa tisa. Sikio lililolelewa na mashairi linajikwaa papo hapo, na litaendelea kukwazika mpaka kifungoni kitoke na tunduni irudi mahali pake. Huyo ndiye mhariri wa mfungwa. Kosa la kumbukumbu linajitaja lenyewe.

Kina nacho kina kazi yake. Ukishausema mshororo ule, mshororo wa pili unadaiwa -ni katikati na -wa mwishoni, na wa tatu vilevile. Maneno ya lugha nzima yanapunguzwa hadi kufikia yale machache yenye mwisho huo, na akili inapekua humo tu. Mgeni wa sanaa hii hudhani kina kinamfunga mtunzi. Mtunzi anajua kwamba kina ndicho kinachomshika mkono gizani, maana kinamwambia neno lijalo linakaa wapi. Kipande cha mizani nane, tena, ni kifupi: kinabebeka kwa pumzi moja, unaweza kukitunga huku askari akipita mlangoni, ukakiacha, ukakirudia usiku. Hivi ndivyo ninavyoielewa kazi ya miaka ile, na sioni njia nyingine ambayo ingewezekana. Riwaya ingehitaji daftari.

Halafu kuna Kimvita. Abdilatif hakutunga kwa Kiswahili cha vitabu vya shule. Alitunga kwa lahaja ya kwao, na msomaji wa bara hujikwaa kurasa za mwanzo. Avumilie. Katika Kimvita kichwa ni kitwa, jicho ni jito, mchana ni mtana, na kuacha huwa kuata au kuwata. Kwa mwenye kupanga vina hilo si pambo. Neno ambalo huko kwingine lingeishia -cha, hapa linaishia -ta, kwa hiyo linapangika na kundi jingine kabisa la maneno. Mtunzi ameongezewa ghala. Tena Kimvita kimehifadhi vitenzi vya kale vinavyobana mengi katika herufi chache. Tazama jina la shairi lake mojawapo linalojulikana zaidi, N'shishiyelo ni lilo. N-shi-shi-ye-lo-ni-li-lo. Ile n' ya mwanzo inahesabika peke yake, na jumla ni nane kamili, kipande kizima kilicho tayari kuwekwa mahali pake. Jaribu kulisema kwa Kiswahili sanifu, kwamba nililolishika ni lile lile, nawe utafika mizani kumi na moja na kitu kizima kitakuwa kimelegea. Msimamo wa mtu aliyekataa kugeuka unahitaji maneno yasiyolegea. Ukiongeza jingine, Siwati, lenye silabi tatu tu, unaona jinsi alivyopenda kusema neno kubwa kwa pumzi fupi.

Kuna shairi jingine, Kuno Kunena, ambalo nalisoma kwa sauti kila nikilifungua, na sijawahi kulisoma kwa haraka bila ulimi kutatizika. Swali lake ni rahisi: kunena kumekuwaje hata kukaniletea haya? Lakini k na n zinarundikwa moja juu ya nyingine, neno moja linarejeshwa kwa sura mbalimbali, mpaka kinywa chenyewe kinahisi uzito wa kunena. Mtu aliyefungwa kwa sababu ya maneno anamlazimisha msomaji ayafanyie kazi maneno. Hakuna hoja pale ambayo hakimu angeweza kuinukuu. Kuna sauti tu, zilizopangwa na mtu aliyejua kila moja inagonga wapi kinywani.

Mamba ni kazi ya namna nyingine. Hapa ameacha vipande viwili vilivyo sawa akachukua mshororo wa mizani kumi na mbili, kipande cha nne kwanza, kisha cha nane. Kwa mfano wangu mwingine wa kupimia: Jua kali, limechoma kila tawi. Kipande kifupi kinatua, msikilizaji ananyamaza kidogo, halafu kirefu kinakuja kulimaliza neno. Mpangilio huo unamfaa sana mwenye kufumba, kwa sababu kila mara kunakuwa na kusitasita kabla ya kauli. Na tangu ubeti wa kwanza mtunzi hafichi kwamba anafumba. Anawaachia kazi ya kufumbua wenye kuiweza. Kisha anamleta mamba wake, aliyejaa majivuno ya nguvu zake, asiyefikiri kwamba siku zake zina mwisho.

Wasomaji wa Kenya wa miaka ile hawakuhitaji kuelezwa mamba ni nani. Ila ufundi haumo katika kumficha. Yeyote anaweza kumwita mkubwa mnyama. Fumbo hufa pale mtunzi anapomsahau mnyama wake katikati ya njia, mamba akaanza kuhutubia bunge au kukusanya kodi. Mamba wa Abdilatif anabaki mamba mpaka mwisho. Ukimsomea mtoto, atapata kisa cha mamba mwenye kiburi, na kisa hicho kitamtosha. Shairi lake la Jipu ni vilevile: jipu linaelezwa kwa maumivu ya mtu ambaye jipu analo kweli, linalovimba na kuiva, na siku yake ya kutumbuka haizuiliki. Kwa kuwa uso wa juu umekamilika, hakuna ufa ambao mwendesha mashtaka angeingiza kidole. Angeshtaki nini? Jipu?

Tusikosee tukadhani kwamba alifumba kwa woga. Mwenye woga asingeandika ule waraka, wala asingetunga akiwa mikononi mwa walewale anaowasema. Fumbo kwa watu wa Pwani ni adabu ya majlisi kabla ya kuwa kinga: unampa msikilizaji heshima ya kufikiri. Ninaona hata leo, katika kurasa za mashairi za magazeti yetu, tungo ambazo mizani zimetimia na vina vimelala sawasawa, lakini kila kitu kimeshatajwa kwa jina katika ubeti wa kwanza, na beti tisa zilizobaki zinarudia. Watunzi wa tungo hizo wangefaidika kwa kukaa na Mamba jioni moja.

Yale mashairi ya majibizano nayo nayaweka juu. Katika Mnazi: Vuta N'kuvute wawili wanagombea mti mmoja, kila mmoja na hoja zake, na ubishi unasogezwa mbele kwa zamu. Katika Usiniuwe! mtoto aliye tumboni anamsihi mamake asimuue, naye mama anayo ya kusema. Mshairi mwenye chuki angempa mpinzani hoja dhaifu ili amshinde upesi. Abdilatif anampa maneno yenye uzito, tena kwa vina vilevile alivyompa mwenzake, kwa hiyo hakuna anayezungumza vizuri kuliko mwingine. Kwa mtu aliyekuwa amenyimwa mjadala na serikali yake, kuendesha mjadala wa haki namna hiyo akiwa peke yake kati ya kuta nne ni jambo ambalo bado linanishangaza. Alikuwa msemaji, mpinzani na msikilizaji kwa wakati mmoja.

Si kila shairi la Sauti ya Dhiki limefika huko. Yamo ya mawaidha ambayo mtunzi mwingine mzuri wa Mombasa wa wakati ule angeweza kuyatunga akiwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa, na ukiyasoma husikii mlango wa chuma. Yanapendeza, yanapita. Sidhani yanapunguza kitu. Fundi wa kweli hutoa pia kazi za siku za kawaida, na huenda katika chumba kile siku ya kawaida ilikuwa ndiyo neema.

Mwaka mmoja baada ya diwani ile, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, na mabishano juu ya ushairi huru yakapamba moto kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Wapo waliosema vina na mizani ni minyororo. Sina ugomvi na Kezilahabi. Aliyoyataka kusema yalihitaji kutembea kwa mwendo mwingine, na alitembea vizuri. Ila hoja ya minyororo sijawahi kuikubali, kwa sababu mtu ambaye mlango wake ulifungwa kwa ufunguo wa kweli alichagua vina, na kwa vina akatoka nje miezi mingi kabla mwili wake haujatoka.

Alipoachiliwa mwaka 1972 hakukaa Kenya. Alivuka kwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambako ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa ikiandaliwa. Huko alitafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah, mwandishi wa Ghana, ikatoka kwa jina la Wema Hawajazaliwa; ukitaka kuona sikio la mshairi likifanya kazi ndani ya nathari, isome hiyo. Mwaka 1979 akaenda London, idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha jarida la Africa Events. Wakati wa Rais Moi, Wakenya waliokuwa London walipounda kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa waachiliwe, yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o walikuwa miongoni mwao. Ngũgĩ naye alikwisha kupita Kamiti, na naye aliiandika Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi za chooni. Tangu 1995 hadi 2011 Abdilatif alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Mwaka 2016 Rose Marie Beck na Kai Kresse wakatoa kitabu juu yake, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota.

Wanaompenda humlaumu kwa jambo moja: kwamba baada ya Sauti ya Dhiki hakutoa diwani nyingine ya ukubwa ule. Nilikuwa miongoni mwa walalamikaji mpaka nilipokaa na Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu cha mwaka 2011 cha Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy kuhusu Kamange na Sarahani, ambacho yeye alikihariri. Kamange na Sarahani walikuwa mahasimu wa beti, na tungo zao zilikuwa zimebaki kwa watu na katika miswada ya mikono. Kuzihariri tungo za namna hiyo ni kuupima kila mshororo upya, kujua pale mnukuzi alipoongeza silabi au alipoweka neno la lahaja yake badala ya lile la Pemba, na kulirudisha la asili bila kuacha alama ya mkono wako. Ni kazi ileile ya Kamiti, safari hii kwa faida ya washairi waliokwisha kufariki, na jina lake halimo ndani ya beti. Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningependa bado atupe diwani ya pili. Lakini sijui wengine wangapi wangeweza kuisikia mizani iliyopotea katika ubeti wa Kamange.